Sheria zetu zinalinda wachanga, zinasahau wakubwa

Rula ya kupimia sangara ina alama mbili. Ya kwanza ni sentimita 50: chini ya hapo samaki ni mchanga, haruhusiwi kuvuliwa. Ya pili ni sentimita 85: juu ya hapo, kwa makubaliano ambayo Tanzania, Kenya na Uganda ziliyafikia kupitia chombo chao cha pamoja cha uvuvi wa Ziwa Victoria, samaki alihesabiwa kuwa mzazi na alitakiwa kubaki majini. Alama ya kwanza haina mpinzani wa maana. Hata anayekokota kokoro usiku wa manane anajua kwamba anachofanya ni haramu. Alama ya pili ndiyo iliyozua ubishi tangu iwekwe, mialoni na maofisini.

Hoja za wanaoipinga si za kipuuzi. Sangara mkubwa hula sangara wadogo, wanasema, kwa hiyo ukimwacha unafuga mla watoto. Sangara mkubwa akinaswa wavuni huko kilindini, mara nyingi hutolewa keshakufa, na maiti hata ukiirudisha ziwani haitagi. Halafu ipo hoja ya tatu, ambayo husemwa kwa sauti ya chini ingawa ndiyo nzito kuliko zote: mabondo. Kibofu cha hewa cha sangara kikikaushwa husafirishwa hadi China, na kadiri samaki alivyo mkubwa ndivyo bondo lake linavyokuwa na thamani. Mvuvi mwenye deni la injini hawezi kumtazama sangara wa kilo 60 akamwona mzazi.

Pamoja na hayo yote, nadhani alama ya pili ina akili kuliko ya kwanza. Dume la sangara hupevuka likiwa limevuka sentimita 50 na kitu. Jike huchelewa, mara nyingi mpaka avuke 60 au 70 ndipo mayai yake ya kwanza yawe tayari. Kwa hiyo samaki wa sentimita 51 anayepita kihalali kwenye mizani ya kiwanda cha minofu, kama ni jike, pengine hajawahi kutaga hata mara moja. Alama ya 50 peke yake hailindi uzazi wa sangara. Kinacholinda uzazi ni kuwaacha wale waliofanikiwa kupenya mpaka 85 watage mwaka hadi mwaka. Ukiiondoa alama ya juu na kubaki na ya chini, umeandika sheria inayomtaka samaki asubiri kidogo tu kabla ya kuliwa. Na hoja ya maiti wavuni, ambayo ni ya kweli, inatuambia tudhibiti ukubwa wa macho ya nyavu na wa ndoana tangu dukani, na tuwabane wanunuzi wa mabondo, kwa sababu bondo kubwa haliwezi kusingiziwa samaki mdogo. Haitushauri tukate tamaa.

(Najua sangara mwenyewe ni mgeni. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akafyeka aina chungu nzima za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo. Anayesema mgeni huyu amalizwe ana haki ya kusema hivyo, ila aeleze pia watu wa Mwanza, Musoma, Kisumu na Jinja watafanya kazi gani.)

Sangara ni mfano mmoja tu. Ukizipitia sheria zetu za kuvuna viumbe, karibu zote zina sakafu na hazina dari. Mti usikatwe mpaka unene wa shina ufikie kiwango. Kambakoche asiuzwe chini ya ukubwa fulani. Tembo asiwindwe mpaka meno yake yawe na uzito usiopungua kilo 20 au urefu wa sentimita 160. Zote zinasema neno lilelile: subiri akue, kisha chukua. Ndani yake mna imani ambayo hatuijadili, kwamba kiumbe akishafika utu uzima kazi yake duniani imekaribia kwisha, na siku anazoishi baada ya hapo ni ziada ambayo mwanadamu anaweza kujitwalia bila hasara.

Imani hiyo, kwa maoni yangu, tunaipata mapema sana, darasani. Kila aliyesoma shule ya msingi anaukumbuka mchoro wa kipepeo: yai, buu, pupa, mdudu kamili, na mshale unaorudi kwenye yai. Hatua tatu za kwanza zinaelezwa kwa mapana, buu anakula majani, pupa anajifunga. Mdudu kamili anapewa mstari mmoja: hutaga mayai. Mchoro hauonyeshi kila hatua inachukua muda gani, na muda ndio unaotofautisha kiumbe na kiumbe.

Kwa wadudu wengi mchoro ule hauko mbali na ukweli. Wale wadudu wanaopanda kama moshi juu ya Ziwa Victoria na kujaa kwenye taa za vijiji vya pwani ya ziwa wameishi kwa wiki nyingi kwenye tope la chini wakiwa mabuu. Wakishapata mbawa wana siku chache tu za kupandana na kutaga. Nondo wa hariri akitoka kwenye kifukofuko chake hali kabisa, anatumia akiba aliyojiwekea akiwa buu mpaka anakufa. Hapo utu uzima ni tendo moja.

Na pweza ni hivyohivyo, jambo linaloeleza kwa nini kufunga miamba isivuliwe kwa muda kunafanya kazi. Pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja na kitu. Jike hutaga mara moja tu maishani, akajifungia pangoni kulinda mayai bila kula, nayo yakianguliwa anakufa. Kwa kuwa hukua upesi mno, kijiji kikifunga mwamba kwa miezi michache wanakuta pweza wakubwa siku ya kufungua, na wengi hawakosi nafasi ya kutaga. Songosongo, Mafia na Pemba wamejionea. Ni moja ya mbinu chache za uhifadhi ambazo mvuvi anaona faida yake kabla hajachoka kusubiri.

Kosa linaanza pale tunapochukua hesabu ya pweza tukaipeleka kwa chewa. Chewa wa aina nyingi huanza maisha ya utu uzima wakiwa majike. Wanataga kwa misimu kadhaa, kisha baadhi yao, wakishafikia ukubwa fulani, hugeuka wakawa madume. Kwa hiyo kwenye mwamba wenye chewa, madume ni wale wakubwa, na wakubwa ndio wanaotafutwa na hoteli za kitalii na wapiga bunduki za majini. Sheria ya kiwango cha chini hapo inawalinda majike wachanga kwa uaminifu kabisa, huku ikiruhusu madume wote waondolewe. Mwamba unaweza kuonekana una samaki wa kutosha na bado mayai yakakosa wa kuyarutubisha.

Hata kwa samaki wasiobadili jinsia, ukubwa hauongezi nyama peke yake. Mwaka 2018 watafiti walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa mayai ya mamia ya aina za samaki wa baharini, wakaonyesha kwamba uzazi hauendi sambamba na uzito. Mfano wao ulikuwa samaki maarufu wa Atlantiki ya Kaskazini, Gadus morhua. Jike mmoja wa kilo 30 hutaga mayai mengi kuliko majike 28 wa kilo mbili mbili wakijumlishwa, ingawa hao 28 kwa pamoja wana karibu uzito wake maradufu. Mayai yenyewe pia yana nguvu zaidi ya kumlisha kifaranga. Kwa samaki wa namna hii, kumvua jike mzee na kujifariji kwamba wadogo wamebaki ni hesabu isiyotimia, hata tuifanye mara ngapi.

Mfano uliokithiri uko Tanga. Kuanzia mwaka 2003 na 2004, wavuvi wa kusini mwa nchi na baadaye wa Tanga walianza kuwanasa silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka pamoja na dinosauri mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wale wa Tanga wengi walinaswa na majarife yanayotegwa maji ya kina kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga. Hapo tulikuwa tukiamini kwamba silikanti huishi miaka 20 hivi. Mwaka 2021 watafiti walisoma upya pete za magamba yake kwa mwanga maalumu, wakakuta anaweza kufikia karne moja, kwamba jike hupevuka akikaribia miaka 60, na kwamba mimba yake hukaa takribani miaka mitano.

Hebu tuliweke hilo kwenye kalenda. Jike aliyenaswa Tanga mwaka 2004 akiwa ndiyo kwanza ameanza kubeba mimba alizaliwa Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, akakaa mtoto kupindukia uhuru, Azimio la Arusha na vita vya Kagera. Jarife moja likifanya kazi usiku mmoja linaweza kufuta utoto wa miaka 60. Hakuna kanuni ya kiwango cha chini itakayomsaidia samaki huyo, maana hata wachanga wake ni wazee kuliko wengi wetu.

Kabla sijafika kwa tembo, ambako ndiko ninakoelekea, nipite kwa mbu. Mbu anaonyesha hesabu hiyohiyo kutoka upande wa pili, upande wa kiumbe tunayetaka kumpunguza.

Mbu wa malaria hazaliwi na vimelea. Jike lazima amuume mtu mwenye ugonjwa, kisha asubiri siku 10 hadi 14 hivi, kutegemea joto, vimelea vikomae tumboni mwake na kufika kwenye mate. Hapo tu ndipo anaweza kumwambukiza mtu mwingine. Lakini mbu wengi hawafikishi umri huo. Maana yake ni kwamba kati ya mbu wote wanaokupigia kelele sikioni, wa kuogopwa ni vikongwe wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa malaria George Macdonald aliliweka jambo hili katika hesabu, na hesabu yenyewe mtu anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Kama mbu 90 kati ya 100 hunusurika kila siku, baada ya siku 12 watabaki 28 hivi. Wakinusurika 80 kwa siku, watabaki saba. Umeongeza vifo kidogo tu kwa siku, na vikongwe wamepungua mara nne.

Wakati huo watu wa sehemu zetu hawakuwa watazamaji. Katikati ya miaka ya 1950, mradi wa Pare-Taveta kwenye mpaka wa Tanganyika na Kenya ulipulizia nyumba dawa ya ukutani, na malaria ikashuka sana. Mwaka 1965 watafiti Gillies na Wilkes walichapisha utafiti wa kaskazini mashariki mwa Tanzania ambao bado unanishangaza kwa uvumilivu wake: walipasua maelfu ya mbu na kuhesabu vifundo vidogo kwenye mirija ya mayai, maana kila utagaji huacha alama, ili wajue kila mbu ametaga mara ngapi na hivyo ana umri gani. Chandarua chenye dawa kilirithi mantiki hiyo. Mbu hukutana nacho kila anapotafuta damu, na kila safari ni nafasi nyingine ya kufa kabla ya uzee. Uchambuzi uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2015 ulikadiria kwamba kati ya 2000 na 2015 afua za malaria Afrika zilizuia visa milioni 663, na theluthi mbili ya hivyo vilizuiwa na vyandarua.

Kuua viluwiluwi kuna nafasi yake, hasa mijini ambako madimbwi yanahesabika, na Dar es Salaam ilishapata mafanikio kwa njia hiyo. Lakini ukiwaondoa nusu ya viluwiluwi unapunguza mbu kwa nusu. Ukifupisha maisha ya mbu wazima, unapunguza wale wa hatari kwa mara nyingi zaidi. Ajabu ni kwamba kwa mbu tumeelewa kabisa kuwa urefu wa utu uzima ndio kila kitu, na tumejenga juu yake sera ya afya ya bara zima. Kwa wanyama tunaotaka waongezeke, somo hilohilo tumeliacha maabara.

Sasa tembo. Tembo jike huzaa mara ya kwanza akiwa kwenye miaka ya kumi na kitu. Kwa kipimo cha kanuni zetu huyo tayari ni mtu mzima. Lakini ana miaka 40 au zaidi mbele yake, na inavyoonekana hiyo ndiyo miaka ya kusoma. Huko Amboseli, Kenya, ambako mtafiti Cynthia Moss alianza kuwaandika tembo mmoja mmoja mwaka 1972, Karen McComb na wenzake waliwachezea tembo kwa spika sauti zilizorekodiwa za tembo wengine. Familia zilizoongozwa na majike wazee zilijua kutofautisha sauti za wanaowafahamu na za wageni. Zile zilizoongozwa na majike vijana zilijikusanya kwa hofu hata pasipo sababu, zikipoteza muda wa kula. Utafiti huo wa mwaka 2001 ulikuta pia kwamba familia zenye kiongozi mzee zilizaa zaidi kwa kila jike. Miaka kumi baadaye wakacheza mngurumo wa simba: viongozi wazee walitambua haraka kuwa sauti ni ya simba dume, ambaye kwa ndama wa tembo ni hatari kuliko jike, na wakaitikia inavyostahili.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa Tarangire. Mwaka 1993 kulikuwa na ukame mbaya. Charles Foley na wenzake walifuatilia koo tatu za tembo kaskazini mwa hifadhi, na katika miezi tisa walikufa ndama 16 kati ya 81, asilimia 20, wakati katika mwaka wa kawaida hufa asilimia mbili hivi. Vifo havikugawanyika sawa. Koo mbili zilitoka nje ya hifadhi zikaenda kutafuta maji na malisho kwingine. Moja ilibaki, na ndiyo iliyopoteza ndama wengi zaidi. Ukame wa mwisho wa kiwango kile ulikuwa wa 1958 hadi 1961. Watafiti wanaona kwamba katika zile koo zilizotoka kulikuwa na majike waliokuwa hai wakati ule, wakiwa ndama, wakiongozwa na mama zao kwenda huko walikokwenda. Ukoo uliobaki ulikuwa umepoteza majike wake wazee kwa majangili wa miaka ya 1970 na 1980. Hakuna aliyebaki wa kukumbuka njia.

Tazama jinsi hasara hiyo inavyosafiri. Jangili anaua jike mwaka 1978 kwa ajili ya meno. Kitabu cha hifadhi kinaandika tembo mmoja pungufu. Baadaye wanazaliwa wengine, idadi inarudi, kila mtu anapumua. Miaka 15 baada ya risasi ile, ndama ambao hawakuwa wamezaliwa wanakufa kwa kiu, na hakuna fomu yoyote serikalini inayounganisha vifo hivyo viwili.

Upande wa madume hali ni wazi zaidi, kwa sababu Afrika Kusini walilifanya jaribio bila kukusudia. Katika miaka ya 1980, hifadhi ya Pilanesberg ilijazwa upya tembo kutoka Kruger. Wakubwa walikuwa hawabebeki kwa vyombo vya wakati huo, hivyo wakahamishwa yatima wa operesheni za kupunguza tembo. Kwa idadi, mradi ulifana. Kisha kati ya 1992 na 1997 waliuawa faru weupe zaidi ya 40, na wauaji walikuwa madume vijana wa tembo. Walikuwa wameingia mapema mno katika masti, ile hali ambapo homoni za dume hupanda, tezi za kando ya macho huchuruzika na mnyama huwa mkali. Kwa kawaida dume huanza masti ya kweli akikaribia miaka 30. Hawa walianza wakiwa na 18 hivi, na wakakaa nayo kwa miezi. Mwaka 1998 yakaletwa madume sita makubwa kutoka Kruger. Mbele ya wakubwa, masti ya vijana ikafupika, na faru wakaacha kuuawa.

Sina haja ya kumfananisha tembo na kijana wa mtaani asiye na baba. Wengi wameshafanya hivyo na nadhani wanamdhulumu tembo na kijana pia. Inatosha kusema kwamba mwili wa dume kijana unasubiri ishara kutoka kwa dume mzee, na ishara isipokuwepo mwili huo hujiendesha vibaya. Utafiti wa Botswana wa mwaka 2021 ulikuta kwamba pale madume wazee walipokuwa wachache, vijana waliongeza ukali kwa vitu visivyo tembo, magari yakiwemo. Mkulima wa mpakani mwa hifadhi anayelalamika kuhusu tembo wakorofi angefaidika kuuliza wazee wa tembo hao wamekwenda wapi.

Hapa ndipo ile sakafu ya kilo 20 inapoleta shida. Meno ya tembo hayakomi kukua, na dume lenyewe huendelea kukua karibu maisha yote. Kwa hiyo kanuni ya uzito wa chini, kwa namna ilivyoandikwa, inachagua madume waliokomaa na kuwaacha wengine. Wanaoitetea husema dume mzee ameshapita umri wa kuzaa. Takwimu za Amboseli zinasema kinyume: dume hupanda polepole kwenye foleni ya uzazi na hushika nafasi ya juu akiwa kwenye miaka ya 40 mpaka mwanzo wa 50. Kumpiga risasi akiwa na miaka 35 na kumwita mstaafu ni kumstaafisha kabla hajaajiriwa. Mwishoni mwa 2023 na mwaka 2024, madume kadhaa wenye meno makubwa, wanaojulikana kwa watafiti wa Amboseli, waliwindwa walipovuka upande wa Tanzania, baada ya karibu miaka 30 ya kutowindwa kwenye mpaka huo. Uwindaji huo ulikuwa na leseni. Mabishano yaliyofuata yakageuka ya Kenya na Tanzania, nani anajua uhifadhi kuliko mwenzake, na swali la umri likasahaulika katikati.

Swali la fedha sitalikwepa. Mapato ya uwindaji hulipa askari wa wanyamapori, na kwenye maeneo ya jumuiya huingia katika mifuko ya vijiji vinavyopoteza mahindi na wakati mwingine watu kwa tembo haohao. Anayeishi Ulaya na kutaka biashara hiyo ifungwe kesho asubuhi hana wa kuvilipa vijiji hivyo. Mimi sitaki ifungwe. Nataka leseni iulize umri. Kanuni inaweza kuandikwa kwa dari kama ile ya sangara: madume wa kundi fulani la umri, katika eneo ambalo idadi ya waliokomaa inajulikana, wasiguswe mpaka wafike idadi iliyowekwa.

Wapo watakaouliza, na mnyama aliyekoma kuzaa kabisa naye? Hata hapo sayansi ya ukanda wetu inasita kukubali. Kando ya Ziwa Eyasi, Kristen Hawkes na wenzake waliofanya utafiti kwa Wahadzabe kuanzia miaka ya 1980 waliona bibi waliokoma kuzaa wakichimba mizizi kwa saa nyingi, na wajukuu ambao mama zao wamejifungua tena wakinenepa kwa jasho la bibi. Kutoka hapo ikazaliwa hoja kwamba maisha marefu baada ya uzazi ni sehemu ya kilichotufanya binadamu. Mwaka 2023, kwenye msitu wa Kibale nchini Uganda, ikaonyeshwa kwamba sokwe majike wa Ngogo nao hukoma kuzaa na kuendelea kuishi, na huko bibi hawalei wajukuu kwa namna ile. Maelezo lazima yawe mengine. Utu uzima una vyumba ambavyo hatujafungua.

Tatizo la mwisho ni la kazi. Tembo wetu huhesabiwa kutoka angani. Ndivyo tulivyojua kwamba mwaka 2014 walibaki 43,330 hivi kutoka zaidi ya laki moja mwaka 2009, na sensa ile ilizindua taifa. Lakini kutoka kwenye ndege, tembo mia moja wa familia kumi zenye bibi zao na tembo mia moja yatima ni nukta mia moja. Umri unasomwa ukiwa chini, na mtu anayemtambua kila tembo kwa umbo la masikio yake na kwa mipasuko ya masikio hayo, mwaka hadi mwaka, kama walivyofanya Amboseli na Tarangire. Ni kazi ya gari bovu, darubini na daftari, na haiwavutii wafadhili wanaopenda droni. Kila kitalu cha uwindaji kinachouza leseni ya dume kingeweza kumwajiri kijana mmoja wa kijiji cha jirani aifanye. Kama mapato ya dume mmoja hayatoshi kumlipa kijana huyo mshahara wa mwaka, basi ile faida ya uwindaji tunayosomewa kila bajeti inahitaji mkaguzi.